GESI ILIYOLALA MIAKA 30: MAFUNZO YA SONGO SONGO

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mjini Moshi mbele ya watumishi wa Serikali na wakazi.)



Nimeombwa nieleze kwa nini kisima cha gesi huweza kugunduliwa kikakaa miaka mingi bila kuleta faida. Sisi wa Moshi hatuna kisima cha gesi, lakini jambo hili latuhusu. Mitambo ya bwawa letu la Nyumba ya Mungu ni ya megawati 8 tu, nasi hutegemea gridi ya Taifa. Gesi ikichelewa pwani, na mvua zikakosekana, giza hufika hadi Marangu na Kibosho.

Mwaka 1974 kampuni ya AGIP ya Italia iligundua gesi katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa. Iliiona kuwa ni haba kwa biashara, ikaondoka. Shirika letu la petroli, TPDC, likaendelea kuchimba ili kuthibitisha kiasi kilichopo. Katika miaka ya 1980 ukabuniwa mpango wa KILAMCO, wa kuigeuza gesi hiyo kuwa amonia, ambayo ni malighafi ya mbolea anayoihitaji mkulima wa kahawa. Kiwanda hakikujengwa.

Mwekezaji alihofu nini? Kwanza, soko. Gesi haijazwi guniani kama kahawa. Asipopata mnunuzi wa hakika kwa miaka mingi, halazi bomba. Pili, mikataba. Mkataba wa umeme wa IPTL wa mwaka 1995, pamoja na shauri lake la usuluhishi, uliuchelewesha mradi wa Songo Songo. Tatu, nchi yenyewe. Bomba la kufika Dar es Salaam lilipaswa kuvuka bonde la Rufiji, ambalo hufurika wakati wa masika. Hadi lilipokamilika Daraja la Mkapa mwaka 2003, magari yaliuvuka mto huo kwa kivuko. Nasi tuionayo mito ya mlimani ikifurika tambarare za chini twaielewa hofu hiyo.

Gesi ilifika Ubungo mwaka 2004, kwa bomba la kilometa 232 hivi. Ilikuwa imelala miaka 30. Vivyo hivyo, gesi ya Ntorya mkoani Mtwara iligunduliwa mwaka 2012, na leseni ya kuiendeleza ikatolewa mwaka 2024.

Ndugu watumishi, mkiulizwa na wananchi, tofautisheni hatua hizi: kugunduliwa, kuthibitishwa, kupata mnunuzi, na kuzalishwa. Msitaje tarehe ambayo mkataba haujaitaja. Ndugu wakazi, asiuze mtu kihamba chake kwa kukimbilia viwanja penye tetesi za kisima. Wahenga walitukataza kukata kanzu kabla mwana hajazaliwa.

Tunaposubiri, tutunze tulichonacho. Maji yatokayo katika misitu ya mlima wetu huingia Nyumba ya Mungu, kisha hushuka na Mto Pangani hadi mitambo ya Hale yenye megawati 21 na New Pangani yenye megawati 68. Anayefyeka kingo za mto huko juu hupunguza umeme wake mwenyewe, na humwongezea jirani wa tambarare mafuriko. Kisima cha pwani hatukiamuru sisi. Chanzo cha maji kilicho shambani mwetu twaweza kukilinda leo.