MASHINE ZA AKILI BANDIA NA UJIRA WA WATOTO WETU

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Oyugis)



Twajua wako kati yenu wanaouliza chama cha wafanya kazi kina haja gani na mashine za akili bandia, na hali mishahara yetu wenyewe yachelewa. Swali hilo ni la haki. Lakini watazameni vijana wanaopanda gari hapa steji kwenda Nairobi. Wako waliopata kazi hii hii, ya kukaa mbele ya kompyuta na kuifundisha mashine.

Mashine haijui kitu mpaka ifundishwe. Mtu husoma maneno au hutazama picha, kisha hutia alama: hili ni baya, hili si baya. Mwaka 2021 kampuni ya Marekani, OpenAI, iliipa kampuni ya Sama, iliyokuwa na wafanya kazi Nairobi, kazi ya namna hiyo. Gazeti la TIME liliandika Januari 2023 kwamba mapatano yalitaja dola 12.50 kwa saa, na mfanya kazi akapokea kati ya dola 1.32 na 2. Sama ilijibu kwamba zile 12.50 zilikuwa za gharama zote. Haya. Na maneno waliyopewa kusoma mengi yalikuwa ya mauaji na ya kuharibiwa watoto wadogo.

Akina mama wanaouza viazi vitamu Kabondo hawana haja ya kuelezwa zaidi. Dalali wanamjua. Lakini dalali wa viazi utamkuta sokoni. Tajiri aliye ng'ambo utamkuta wapi?

Mwaka 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja picha na maneno ya Facebook, aliishtaki Meta pamoja na Sama katika mahakama ya kazi, Nairobi. Meta ikasema haiwezi kushtakiwa Kenya. Mahakama ya Rufani ilikataa neno hilo Septemba 2024. Zaidi ya miaka miwili ilikwisha kwa kuamua tu kama kesi itasikizwa! Wenzake hawakukaa kungoja: tarehe 1 Mei 2023 wafanya kazi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao.

Basi ndiyo sababu twasema jambo hili ni la mataifa, si la Nairobi peke yake. Na mataifa yamekutana kweli. Novemba 2023 nchi 28, Kenya ikiwamo, zilikubaliana huko Bletchley, Uingereza, juu ya hatari za mashine hizi. Februari 2025 walikutana Paris, na Marekani na Uingereza zikakataa kutia sahihi. Matamko hayo ni mazuri kusoma, lakini hayamfungi tajiri yeyote, wala mfanya kazi hana kura humo.

Mahali penye kura yetu ni Shirika la Kazi Duniani, Geneva, lililoundwa 1919. Katika mkutano wake kila nchi hupeleka wajumbe wanne: wawili wa serikali, mmoja wa matajiri, mmoja wa wafanya kazi, kila mmoja na kura yake. Juni 2025 mkutano huo uliamua kwamba wanaopewa kazi kupitia mitambo ya intaneti watungiwe mkataba, na mazungumzo ya pili yakawekwa mwaka 2026. Yule anayetia alama akiwa nyumbani kwake humo yumo. Aliyeajiriwa ofisini na kampuni ya kati twahofu atasahauliwa, naye ndiye mtoto wetu.

Tena mkataba wa Geneva haufungi nchi mpaka nchi yenyewe iukubali. Tumewaandikia makao makuu wasiiachie Serikali ilale juu ya jambo hili, na wamtaje huyo wa ofisini waziwazi.

Na kwenu nyumbani: kijana akipewa karatasi ya kazi hizi, mara nyingi imo ahadi ya kunyamaza, asimwambie mtu anachokiona kazini. Ileteni kwa katibu wa tawi isomwe kwa sauti, kabla ya kutiwa sahihi.