Thamani ya Nafuu za Dukani kwa Mnunuzi

Mnunuzi aingiapo dukani hukutana na matangazo mengi ya hisani. Hapa ameandikiwa kwamba bei imepunguzwa kwa asilimia 30. Pale, anunuaye mbili hupewa ya tatu bure. Kwingine, kipimo kimeongezwa nusu na bei haikubadilika. Yote huitwa nafuu. Linalobaki kuulizwa ni nafuu ya nani, na kwa kiasi gani.

Na uchukuliwe mche wa sabuni wa shilingi 3,000. Punguzo la asilimia 30 huushusha hadi shilingi 2,100. Anunuaye miwili akapewa wa tatu ametoa 6,000 kwa miche mitatu, yaani 2,000 kila mmoja. Mche ulioongezwa nusu nao humfikisha pale pale: 2,000 kwa kipimo cha zamani. Hivyo nyongeza ya asilimia 50, ijapokuwa yavutia macho, ni sawa na punguzo la theluthi moja tu. Kuna tena punguzo juu ya punguzo, asilimia 20 kisha 10. Wengi hujumlisha wakapata 30. Lakini ile 10 hutolewa katika 2,400 iliyobaki, kwa hiyo bei ya mwisho ni 2,160.

Hiyo ni hesabu ya karatasi. Mama aliyetoka nyumbani na shilingi 3,500, naye hajanunua bado mafuta wala chumvi, hawezi kutoa 6,000 ili apate mche wa bure. Kwake nafuu ile kubwa haina thamani hata ya senti moja. Punguzo la asilimia 30, lililo dogo karatasini, ndilo linalomwachia 1,400 badala ya 500.

Jambo hili ni zito zaidi katika duka la chama. Katika duka la mtu binafsi, gharama ya zawadi hubebwa na mwenye duka (au, mara nyingi, hurudishwa kimya kimya katika bei ya bidhaa nyingine). Katika duka la ushirika mwenye duka ni mwanachama mwenyewe. Mche uliotolewa bure hupunguza ziada ya mwaka, na ziada hiyo ni mali pia ya yule anunuaye mmoja mmoja. Basi asiye na 6,000 humchangia aliye nazo. Hakuna kamati iliyokusudia hivyo, lakini ndivyo daftari linavyosema.

Waanzilishi wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, waliuza kwa bei ya soko, kisha wakagawa ziada kwa kadiri ya manunuzi ya kila mwanachama. Shilingi ya anunuaye kidogo kila siku ilihesabiwa sawa na ya anunuaye gunia. Gawio nalo lina kasoro: huja baada ya hesabu kufungwa, na mwenye shida leo haoni kitu leo. Tena manunuzi yasiyoandikwa hayana gawio.

Kabla ya kamati kuidhinisha nafuu yoyote, katibu afungue stakabadhi za mwezi mmoja ahesabu ni wangapi walionunua mche mmoja, na wangapi mitatu. Wa mmoja wakiwa wengi, hata punguzo la shilingi 300 kwa kila mche litawafikia. Na bei ya kila kilo iandikwe kwa chaki penye rafu, kwa tarakimu ambazo mzee asiye na miwani ataziona.