Neva za Kichwa: Tupime Kumeza Kabla ya Kulisha

Mada kwa semina ya matabibu na wauguzi, Mwika, Wilaya ya Moshi

1.0 Utangulizi

Nimeombwa kuzungumzia upimaji wa neva za kichwa wakati wa uchunguzi wa mwili. Jozi hizi 12 sote tulizikariri chuoni, kwa hiyo nitazipitia upesi. Muda mwingi nitautumia kwa neva ya 9 na ya 10, kwa sababu ndizo zinazorukwa, na kurukwa kwake kunagharimu maisha ya wagonjwa wa kiharusi.

2.0 Mapitio mafupi

Neva ya 1 ni ya kunusa. Mgonjwa afumbe macho na kila tundu la pua lipimwe peke yake. Hapa Mwika kahawa iliyokaangwa inatosha. Spiriti haifai kwa kuwa mvuke wake huwasha neva ya 5. Neva ya 2 ni ya kuona. Neva ya 3, 4 na 6 huzungusha jicho: mgonjwa afuate kidole chako pande zote. Mwenye VVU anayeumwa kichwa na kuona vitu viwiliviwili afikiriwe homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi.

Neva ya 5 ni hisia za uso na kutafuna. Kwa neva ya 7, mwambie akunje paji la uso, afumbe macho kwa nguvu, aonyeshe meno. Mdomo ukipinda lakini paji linakunjika pande zote, tafuta tatizo ndani ya ubongo, kwani misuli ya paji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Nusu nzima ya uso ikilegea pamoja na paji, mara nyingi neva yenyewe ndiyo iliyoathirika. Neva ya 8 ni ya kusikia na mizani ya mwili, ya 11 ni kuinua mabega na kugeuza shingo, ya 12 ni ulimi, ambao hupindia upande dhaifu.

3.0 Tatizo: neva ya 9 na ya 10

Neva hizi mbili ndizo za koo na kumeza, na kiharusi huweza kuvuruga kazi yake. Utafiti uliofanyika Wilaya ya Hai kati ya 2003 na 2006 ulikuta wagonjwa wapya wa kiharusi wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, baada ya kusawazisha umri. Hai na Mwika ni mlima mmoja. Wagonjwa hawa ni wetu.

Mgonjwa anapokelewa, mkono na mguu vinapimwa, shinikizo la damu linaandikwa. Kisha kwenye faili panaandikwa: "Neva za kichwa ziko sawa." Nimesoma sentensi hiyo katika wodi nyingi, juu ya wagonjwa ambao hakuna aliyewaambia hata wafungue kinywa. Jioni ndugu wanafika na chupa ya mtori. Mgonjwa amelala chali, analishwa kijiko baada ya kijiko, kwa upendo wote. Baada ya siku chache ana homa na anapumua kwa shida, nasi tunaandika nimonia, kana kwamba imetoka nje. Imeingia kwa kijiko ambacho hatukukizuia.

Sababu inayotajwa ni uhaba wa vifaa. Kwa heshima zote, siikubali. Kinachotakiwa ni tochi, kijiko na kikombe cha maji safi. Sababu halisi ni tatu. Kwanza, tabibu anadhani muuguzi atapima, muuguzi anasubiri maelekezo ya tabibu. Pili, wengi wanagusa koo kwa kijiti, wakiona mgonjwa anataka kutapika wanaridhika. Kipimo hicho hakithibitishi kwamba kumeza ni salama: wapo wazima wasioshtuka koo likiguswa, na wapo wanaoshtuka lakini wanapaliwa. Tatu, kumnyima mgonjwa chakula kwetu ni aibu, na hakuna anayewaeleza ndugu kwa nini asubiri.

Namna ya kupima ni hii. Hakikisha yuko macho na anafuata maelekezo. Kama sivyo, asipewe chochote kwa mdomo. Mketishe wima. Sikiliza sauti: je, imekauka, inatokea puani, ina majimaji? Aseme "aaa" huku ukimulika kilimi. Kikivutwa upande mmoja, upande wa pili ni dhaifu. Akohoe. Mpe kijiko kimoja cha chai cha maji, kisha cha pili na cha tatu, ukitazama koo likipanda. Akimudu, mpe mililita 50 anywe taratibu. Akikohoa, akipaliwa au sauti ikiwa ya majimaji, simama hapo. Wapo wanaopaliwa bila kukohoa, hivyo hata aliyefaulu aendelee kuangaliwa anapokula.

4.0 Mapendekezo

Bila kukilaumu kituo chochote, na nikitambua uhaba wa watumishi, napendekeza:

1. Kila mgonjwa wa kiharusi apimwe kumeza kabla ya chakula, maji au dawa ya mdomo.
2. Muuguzi wa zamu aruhusiwe rasmi kupima bila kumsubiri tabibu.
3. Faili liwe na mstari wa kumeza pekee, wenye saa na sahihi.
4. Neno "sawa" lisiandikwe kwa neva ambayo haikupimwa, iandikwe "haijapimwa".
5. Aliyeshindwa awekewe alama kitandani, apewe maji kwa mshipa, na afikiriwe mrija wa kulishia au rufaa kwenda Hospitali ya KCMC.
6. Ndugu waelezwe siku ya kwanza, na wafundishwe kulisha mgonjwa akiwa ameketi.
7. Fomu ya rufaa itaje kama mgonjwa anameza.
8. Vituo vipakue kitabu cha *Neurology in Africa* cha Dkt. William Howlett wa KCMC, kilichotolewa mwaka 2012 na kinachopatikana bure.
9. Waganga wafawidhi wakague mafaili ya kiharusi kila mwezi: je, kumeza kulipimwa kabla ya chakula?

Pendekezo la tisa linarudia la kwanza, nami nimelirudia kwa makusudi. Kama bajeti au muda vitaruhusu moja tu, naomba liwe la kwanza, na lianze zamu ya leo jioni.