Rejeta Inaporudishwa Baada ya Gari Kupigwa Rangi
Gari likinyooshwa bodi na kupigwa rangi mbele, mara nyingi rejeta hufunguliwa. Balaa huanza inaporudishwa: fundi anajaza maji hadi juu, anafunga kifuniko, anakukabidhi funguo. Ndani kumebaki hewa, na hewa hiyo ndiyo itakayochemsha injini.

Kwanza kaza klipu za mipira, juu na chini. Injini ikiwa baridi, mimina polepole kulanti iliyochanganywa na maji safi. Ya Mto Mkondoa, pale Kilosa, yana tope, yaache huko huko. Kifuniko kikiwa wazi, washa gari, hita uiweke kwenye joto. Minya mpira wa juu, mkono ukiwa mbali na feni. Utaona mapovu yanapanda na maji yanashuka. Ongeza. Themostati ikifunguka, mpira wa chini nao hupata joto. Mapovu yakiisha, funga, kisha jaza chupa ya akiba hadi kwenye alama.

Lijaribu gari mjini kwanza. Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na mle si pa kushuka kufungua boneti, tembo wakikutazama. Likichemka, zima injini na usiguse kifuniko mpaka ipoe kabisa.