Siri ya Mtungi Aijuaye Kata

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika darsa ya tawi)



Tumetakiwa usiku huu tuzungumze juu ya vita vya nchi ya mbali. Huenda yuko miongoni mwenu anayejiuliza: sisi watu wa kisiwa, tuliozungukwa na bahari pande zote, tuna haja gani na milima ya Afghanistan? Jawabu letu ni fupi. Madola makubwa yana ndimi mbili, ulimi wa barazani na ulimi wa chumbani. Ule wa barazani tunausikia kila siku. Ule wa chumbani ni nadra mno mtu wa kawaida kuusikia, na siku anapousikia ni wajibu wake autege sikio.

Siku kama hiyo ilikuja mwishoni mwa Novemba 2010. WikiLeaks, pamoja na magazeti makubwa ya Uingereza, Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Spain, ilianza kutoa hadharani nyaraka za siri ambazo mabalozi wa Marekani walikuwa wakiipelekea serikali yao. Idadi yake ilipita 250,000. Mwanzoni mwa Desemba zikatoka zile zilizohusu majeshi ya Uingereza katika jimbo la Helmand.

Kwanza tukumbushane khabari za Helmand. Ni jimbo la kusini mwa Afghanistan, mto unapita kati, na mashamba yake yalitoa afyuni kwa wingi kuliko majimbo mengine yote. Mwaka 2006 Uingereza ilipeleka huko askari wapatao 3,300. Waziri wake wa Ulinzi wa wakati ule, John Reid, alisema mjini Kabul kwamba wangefurahi kuondoka baada ya miaka mitatu bila ya kufyatua hata risasi moja. Kiangazi cha mwaka ule ule askari hao walikuwa wamezingirwa ndani ya vituo vidogo vidogo katika Sangin, Musa Qala na Now Zad, wakipigana usiku na mchana.

Miaka hiyo, barazani, Marekani ilikuwa ikimsifu mshirika wake. Chumbani yaliandikwa mengine. Jenerali Dan McNeill wa Marekani, aliyekuwa amiri wa majeshi yote ya NATO katika nchi ile, alisema mwaka 2007 kwamba Waingereza wameiharibu kazi ya Helmand na kwamba mbinu zao si sahihi. Aliulaumu pia mkataba waliouridhia na wazee wa Musa Qala mwaka 2006, ambao haukudumu, kwani Februari 2007 Taliban waliuteka mji. Mwisho wa 2008 ubalozi wa Marekani mjini Kabul uliandika kwamba wao na Rais Karzai wameafikiana kuwa Waingereza hawaiwezi kazi ya kuilinda Helmand. Na Januari 2009 gavana wa jimbo, Gulab Mangal, aliwaambia wageni wa Kimarekani, akiwemo Joe Biden, kwamba usalama ulioletwa na Waingereza katika Sangin haufiki hata kwenye soko kuu la mji. Hana uadui nao, alisema, lakini lazima watoke kambini mwao wakaonane na watu.

Ndugu zetu, hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Sokoni ni mahali pa mtu kununua unga na sukari, pa mama kumtafutia dawa mtoto wake. Jeshi limevuka nchi ngapi kuja kuleta amani, na amani yenyewe haifiki sokoni! Mwuza duka wa Sangin alilijua jambo hilo tangu siku ya kwanza, wala hakuhitaji waraka wa siri kumfunulia. Siri ile haikufichwa kwake. Ilifichwa kwa mzee wa Kiingereza aliyekuwa akimsubiri mwanawe nyumbani, akiambiwa kila wiki kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Na wana hao walikufa. Katika Sangin peke yake, kwa miaka minne, Uingereza ilipoteza askari zaidi ya 100, na vita vizima viliwaua askari wake 457. Hatusimami hapa kucheka misiba ya watu. Askari aliyetumwa hana kosa la aliyemtuma. Tunalouliza ni hili: ikiwa wakubwa walijua mwaka 2007 kwamba mbinu ni mbovu, kwa nini vijana waliendelea kupelekwa mwaka 2008, na 2009, na 2010, kwa maneno yale yale ya sifa?

Sasa na tupime kwa uadilifu, kwani mwanachama aliyefunzwa vyema hakubali kila waraka kwa kuwa umeandikwa "siri". Kila msemaji alikuwa na lake. Karzai alikuwa na kinyongo cha zamani: Waingereza ndio walioshikilia kwamba gavana wake Sher Mohammed Akhundzada aondolewe mwaka 2005, baada ya kukutwa tani 9 za afyuni katika majengo yake. Wamarekani nao walitaka ionekane kwamba wao wangefanya vyema zaidi. Nafasi hiyo waliipata. Septemba 2010 wanamaji wa Marekani waliipokea Sangin kutoka kwa Waingereza, na kikosi kimoja tu kati yao, batalioni ya tatu ya rejimenti ya tano, kilizika watu 25 katika muda wa miezi saba hivi. Aliyemcheka mwenziwe kwa kuteleza aliteleza tope lile lile.

Kwa hivyo ugonjwa haukuwa mbinu peke yake. Kila mmoja alimlaumu jirani yake kwa namna ya kulishika jembe, wala hakuna aliyeuliza shamba ni la nani. Aliyelikaribia swali hilo, lawama zilimfuata: Oktoba 2008 gazeti la Kifaransa Le Canard enchaîné lilichapisha waraka wa siri wa Kifaransa uliomnukuu balozi wa Uingereza mjini Kabul, Sherard Cowper-Coles, akisema kwamba mpango mzima unakwenda kushindwa na kwamba majeshi ya kigeni yenyewe ni sehemu ya matatizo. Serikali zikasema maneno yake hayakufahamika sawasawa.

Muda ukatoa hukumu. Waingereza walimaliza vita vyao Helmand Oktoba 2014. Machi 2017 Taliban wakaichukua Sangin. Agosti 2021 wakaingia Lashkar Gah, makao makuu ya jimbo, na baada ya siku mbili wakaingia Kabul.

Na aliyeutoa ukweli alilipwa nini? Chelsea Manning, askari wa Marekani aliyezitoa nyaraka zile, alihukumiwa mwaka 2013 kifungo cha miaka 35, akatolewa mwaka 2017 baada ya adhabu yake kupunguzwa. Miongoni mwa waliosema uwongo barazani hatumjui hata mmoja aliyefungwa kwa ajili yake.

Wanachama wenzetu, tuondoke na mafunzo mawili. La kwanza: dola kubwa ikikusifu hadharani, usilewe sifa, uliza imeandika nini juu yako kwa bwana wake. La pili ni zito zaidi, kwani linatuhusu sisi wenyewe. Ni rahisi kuwalaumu wa mbali. Lakini chama nacho chaweza kuwa na baraza na chumba. Kiongozi akijua kwamba tawi fulani limekufa, kisha akasimama jukwaani akasema kwamba linastawi, anafanya lile lile lililofanywa juu ya Sangin, na atakayelipa ni mwanachama mnyonge anayetoa ada yake kwa imani. Basi tuulizane waziwazi, katika mikutano yetu, kabla ya mgeni kutuuliza: je, usalama wetu unafika sokoni?

Siri ya mtungi aijuaye kata. Kata ni wananchi. Na wasikilizwe.