Chupa na detanderi za atelye yetu

(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, kwenye uwanja wa atelye, Majengo)

  

Munajua sababu ya mkutano huu. Mlituita juu ya ile ajali, tukafika asubuhi, tukakuta mbao za ukuta zimekuwa nyeusi na detanderi ya oksijeni imeyeyuka upande mmoja. Kijana aliungua mkono wa kuume na nyusi. Leo yuko hapa, amekaa pale nyuma, na ameturuhusu kusema habari yake bila jina. Tuseme wazi: hakufanya ujinga. Nati ilikuwa ngumu, akaipaka mafuta kidogo. Kwa bawaba ya mlango, kwa cheni ya moto, kwa gurudumu la chukudu, hiyo ndiyo kazi nzuri. Kwa oksijeni ni moto.

Na sisi watu wa terrain tulikosa pia. Tulipoleta hizi chupa tuliwafundisha kuandika kitabu cha franga siku tatu. Chupa yenyewe tuliipa nusu saa, karatasi ya maelezo ikabaki ndani ya karto. Kwa hiyo leo tunalipa deni.

Oksijeni yenyewe haiwaki. Inafanya vitu vingine viwake vibaya sana. Ndani ya chupa imebanwa, bar 150 au zaidi, na ukifungua robine kwa haraka inakimbia na kugonga ndani ya detanderi. Hewa ikibanwa ghafla inapata moto. Nani hajawahi kushika pompi ya kinga akaona chini yake ina joto? Sasa fikiri hiyo joto mara nyingi, na mbele yake kuna tone moja la mafuta. Haihitaji kiberiti. Inawaka peke yake, kiisha chuma na mpira vinafuata.

Kwa hiyo hakuna mafuta hapo, hata kidogo: ya mashine, ya mawese, ya kujipaka, wala grisi. Ukitoka kula sambaza za kukaanga, osha mikono na sabuni kabla ya kushika detanderi. Tunaona munacheka, lakini hatufanyi mzaha. Kitambaa cha kufutia ni kile kisafi, kikavu, chenye kazi hiyo moja tu. Kile cha garaji kibaki garaji. Nati ikiwa ngumu, ifungue, angalia meno yake, futa vumbi, jaribu tena kwa mkono. Ikikataa, meno yameisha, tunanunua nyingine. Na usifunge utepe wa mafundi wa bomba.

Vumbi ni adui wa pili, na hapa kwetu ni adui mkubwa. Vumbi ya lava ni kama msasa. Inaingia kwenye mdomo wa chupa wakati iko wazi, halafu oksijeni inaisukuma mpaka ndani ya detanderi. Kabla ya kufunga detanderi, simama kando, fungua robine kidogo sana, isikie ikipuliza, funga. Mdomo usielekee mtu wala moto. Kiisha funga detanderi, hakikisha ile skurubu kubwa ya mbele imelegezwa kabisa, ndipo ufungue robine polepole, ukiwa umesimama upande, si mbele ya zile saa mbili. Saa zikipasuka, vioo vinakuja mbele.

Tuongee juu ya zile saa. Ya kwanza inasema kilichobaki ndani ya chupa, ya pili inasema kinachotoka kwenda kwenye bomba. Kati yake, ndani ya detanderi, kuna resori, ngozi nyembamba na kifuniko kidogo kinachofunga na kufungua. Wale wanaozamia chini ya maji na chupa mgongoni wanapumua kwa kitu cha namna hiyo hiyo, na wakitoka kwenye maji ya chumvi wanakiosha kwa maji matamu, mdomo ukiwa umefungwa, maana tone moja likiingia ndani linaleta kutu. Sisi hatuoshi yetu kwa maji, tunaifunika tu. Lakini jaribio moja kila mtu analiweza: weka saa ya pili kwenye bar 2, funga robine za shalimo, ngoja dakika chache. Kama mshale unapanda peke yake, kile kifuniko cha ndani kimekula vumbi au kimekatika. Hiyo detanderi ipumzike. Musiifungue nyumbani kwa bisibisi, hata kama munajua saa na redio.

Sasa ile malalamiko ya mama mweka hazina. Anasema tunalipa chupa nzima, lakini kazi inaisha mapema. Hesabu ni hii. Chupa yetu ina lita 50 za maji. Ikiwa saa ya kwanza inaonyesha 150, zidisha: lita 7,500 za oksijeni. Ikionyesha 90, ni lita 4,500. Siku ile chupa iliporudi, saa ilionyesha 90, na tulilipa ya 150. Hatutataja aliyejaza. Ila kabla ya kugombana, mujue kwamba chupa iliyojazwa haraka ina joto, na ikipoa mshale unashuka. Kutoka 150 kwenda 135 hivi tunaweza kukubali. Kutoka 150 kwenda 90, hapana. Kuanzia sasa saa isomwe pale pale mbele ya anayejaza, namba iandikwe kwenye kitabu, wote wawili waweke sinye. Na musirudishe chupa ikiwa tupu kabisa; acheni bar chache ndani na mufunge robine, hewa yenye unyevu isiingie.

Chupa ya asetileni ina tabia yake. Ndani kuna kitu kama sifongo chenye asetoni, gesi imelala humo, kwa hiyo inasimama wima kila siku. Ikifika imelazwa kwenye chukudu, isimamishe na uiache saa kadhaa kabla ya kazi, juu asetoni inaweza kutoka pamoja na gesi. Saa yake ya pili isipite bar 1 na nusu hata siku moja. Bomba likikatika, usiunganishe kwa kipande cha shaba nyekundu: shaba na asetileni vinazaa kitu kinacholipuka kikiguswa tu. Harufu ikija, kama ya kitunguu saumu, tafuta mahali inapovuja kwa povu ya sabuni. Asiyekuwa na sabuni angoje. Asitafute kwa kiberiti.

Vijana, neno lenu. Tumewaona jioni munajipuliza vumbi kwenye nguo kwa oksijeni. Nguo inaijaza ndani ya nyuzi, kiisha mtu anawasha sigara. Acheni leo. Wala musijaze kinga nayo.

Na kuhusu usafiri: chukudu ni gari letu, hatuikatai. Lakini kofia ya chuma ifungwe juu ya robine, detanderi itolewe, chupa ifungwe kamba sehemu mbili. Robine ikikatika kwenye mawe ya barabara, chupa ya bar 150 inaondoka kama roketi.

Mzee mmoja alituuliza: volkano ikitoka tena? Swali zuri, wengi hapa ni wale waliokimbilia Sake tarehe 27 mwezi wa 5 mwaka 2021, Majengo ikiwa kati ya kartie 10 zilizoamriwa kuondoka. Siku ile hakuna aliyewaza chupa. Tungependa mwenye ufunguo wa atelye ajue kazi mbili: kufunga robine zote, kutoa detanderi na kuziweka kwenye karto. Dakika mbili. Zikizidi, aache aende. Wenye kukumbuka mwezi wa kwanza 2002, kituo cha petroli kilicholipuka watu wakichota mafuta, wanajua kwa nini tunasema aache.

Jumamosi saa 2 asubuhi tunarudi na kitambaa, sabuni na detanderi mpya. Kila fundi alete yake ilivyo, na vumbi yake. Musiifute kwanza.