Kuwafundisha Vijana Wetu Mtandao wa Eneo Pana

(Maelezo yaliyotolewa na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu wa vyama vya msingi, walimu na wanafunzi wa ukarani na uhasibu.)



Nimeombwa niseme machache juu ya namna ya kuwafundisha vijana wanaojiandaa kuvitumikia vyama vyetu habari za mtandao wa eneo pana, yaani mtandao unaounganisha kompyuta zilizo mbalimbali, wilaya kwa wilaya na hata nchi kwa nchi. Huenda baadhi yenu mnajiuliza mkaguzi wa vitabu ana shughuli gani na nyaya. Jibu ni kwamba vitabu vyenyewe vimehamia katika nyaya. Tume ya Maendeleo ya Ushirika hupokea taarifa za vyama kwa mfumo wa kompyuta uitwao MUVU, na malipo ya wakulima hupitia benki. Siku njia hiyo inapokatika, mkulima huketi barazani akingoja jasho lake, na karani asiyejua imekatika wapi hana la kumwambia ila "mtandao hakuna".

Nimepata kukaa nyuma ya darasa nikisikiliza somo hili likifundishwa. Wanafunzi walikuwa wamekariri majina mengi: X.25, fremu rilei, ATM. Nilipouliza hiyo ATM ni nini, karibu wote walinijibu kuwa ni mashine ya kutolea fedha benki. Sikuwacheka, kwa sababu ndiyo ATM waliyoiona. Ile ya kitabuni ilikuwa njia ya kusafirishia data iliyovuma katika miaka ya 1990, na X.25 ni kanuni ya mwaka 1976. Si vibaya kuzitaja, lakini mwalimu azitaje kama tunavyotaja reli ya zamani: ilipita wapi, ilibeba nini, na kwa nini iliachwa.

Mimi ningeanza na stakabadhi moja ya mkulima. Karani amepima mzigo, ameandika kilo, ameingiza katika kompyuta. Kutoka meza hiyo hadi meza ya mhasibu chumba cha pili, habari hupita katika waya ambao chama kimeununua. Ukikatika, chama huununua mwingine. Huo ni mtandao wa ndani. Lakini habari ikifika kwenye ruta, kile kisanduku kilichopo ukutani, na kutoka nje, inaingia katika mali ya mtu mwingine: mnara wa kampuni ya simu, kisha huenda ikaingia Mkongo wa Taifa, na pengine ikashika waya uliolazwa chini ya bahari. Hapo chama hakimiliki kitu, kinakodi. Ndugu zangu, tofauti hii ya mkokoteni wetu na lori la kukodi wanaushirika wanaielewa kuliko watu wengine wote. Mwanafunzi akiishika, ataelewa kwa nini katika mtandao wa eneo pana mkataba una uzito sawa na waya.

Jambo la pili ni jinsi mzigo unavyosafiri. Simu ya zamani ilifunga njia nzima kwa ajili ya watu wawili, hata waliponyamaza. Katika miaka ya 1960, Paul Baran wa Marekani na Donald Davies wa Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, walipendekeza habari ikatwe vipande vidogo, yaani pakiti, kila kimoja kikiwa na anwani yake, ili watu wengi watumie njia moja kwa pamoja. Tarehe 29 Oktoba 1969 kompyuta ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ilijaribu kutuma neno "login" kwa kompyuta ya pili iliyokuwa Menlo Park. Zilifika herufi mbili tu, kisha mtambo ukakwama. Wanafunzi waambiwe habari hiyo, wajue kuwa hata wakubwa walianza kwa kukwama. Kisha mwalimu achukue barua, aikate vipande kumi vyenye namba, avipitishe mkono kwa mkono darasani kwa njia tofauti, na katikati ya kazi amtoe mwanafunzi mmoja nje. Watakaobaki watalazimika kutafuta njia nyingine, na mpokeaji atapanga vipande upya na kudai kilichopotea. Somo hilo halihitaji hata umeme.

Sasa nafika penye fedha za wanachama. Chama kimoja nilichokikagua kilikuwa kikilipia huduma iliyoandikwa "hadi megabiti 10 kwa sekunde". Kamati ililalamika kwamba imeibiwa, kwa kuwa faili la megabaiti 10 halikufika kwa sekunde moja. Niliusoma mkataba. Kwanza, baiti moja ni biti nane, kwa hiyo hata mambo yakiwa mazuri kabisa faili hilo huhitaji sekunde nane. Pili, neno "hadi" halimfungi mwenye kampuni kutoa kiasi hicho. Njia ile ilikuwa ya kugawana na wateja wengine, na saa za mchana kila mmoja alipata kidogo. Njia ya kukodi ya peke yako huja na kiwango kilichoahidiwa na muda wa matengenezo, lakini bei yake ni kubwa zaidi. Sisemi kila chama kiikodi. Nasema karani ajue anachonunua kabla katibu hajatia sahihi.

Tena wasichanganye kasi na ucheleweshaji. Setilaiti ya aina ya zamani hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Habari ikipanda na kushuka imesafiri karibu kilomita 72,000, na kwa mwendo wa mwanga hiyo ni karibu robo ya sekunde; swali na jibu ni nusu sekunde, hata ukinunua kasi kubwa namna gani. Setilaiti mpya zinazoruka chini, kama zile za Starlink zilizoanza kutoa huduma Rwanda na Kenya mwaka 2023, ziko kiasi cha kilomita 550 tu, na ndiyo maana jibu lake huja upesi. Hesabu hii na ifanywe ubaoni.

Kuhusu njia za faragha zinazopitishwa juu ya mtandao wa umma, nitasema kwa ufupi: ni kama sanduku lililofungwa kwa kufuli juu ya lori la watu wote. Wafundishwe pia nani anashika ufunguo.

Jambo la mwisho ni njia ya akiba. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, ziliharibika karibu na Afrika Kusini, na nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika sana. Nyaya zilikuwa mbili, lakini zilipita sehemu moja. Na vyama vyetu hufanya vivyo hivyo: hununua laini za kampuni mbili, kumbe minara yote miwili hutegemea waya mmoja barabarani. Swali la kumfundisha kijana aulize ni "Inapita wapi?", na asiridhike na jibu la muuzaji tu.

Pendekezo langu kwa walimu ni kwamba mtihani wa somo hili usifanyikie darasani. Kila mwanafunzi apelekwe katika chama kimoja na karatasi nyeupe, achore njia ya stakabadhi kutoka mizani hadi Chama Kikuu, aandike kila sehemu ni mali ya nani, inalipiwa kiasi gani kwa mwezi, na nani wa kupigiwa simu ikikatika. Mchoro ukishasahihishwa, nakala ibandikwe ofisini mwa chama, juu ya ruta, pamoja na tarehe. Nitakapokuja kukagua, nitauomba baada ya daftari la fedha.